Dola Mbili za Bujumbura

Bujumbura ina dola mbili. Noti ni ileile ya Marekani, lakini mwanzoni mwa mwaka 2025 moja ilihesabiwa benki kwa karibu faranga 3,000, na nyingine ikauzwa na wavunjaji wa fedha mtaani kwa zaidi ya faranga 7,000. Ya benki ni rahisi ila haipatikani. Ya mtaani inapatikana, na ndiyo inayopanga bei ya mchele sokoni Ruvumera, ya sabuni Kamenge, ya dawa katika famasia za Bwiza na ya petroli inayovushwa kutoka Uvira ndani ya madumu. Mwalimu wa shule ya msingi anayelipwa mshahara wa faranga ananunua karibu kila kitu kwa bei ya dola ya pili, hata kama hajawahi kuishika mkononi.

Nimeanza na dola hizi mbili kwa sababu naamini hapo ndipo penye fundo la uchumi wetu. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na Benki ya Dunia wanapotajwa katika mji huu, watu hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaohesabu mamilioni yaliyoahidiwa, na wapo wanaolaani masharti yaliyoambatana nayo. Makundi yote mawili hupita pembeni ya swali zito zaidi: dola inapoingia nchini, iwe ya mkopo, ya msaada au ya kahawa, ni nani anayeipata kwa bei ya benki?

Tupige hesabu. Mwagizaji mwenye kibali cha kununua dola 100,000 benki anatoa faranga milioni 300. Dola hizohizo mtaani zina thamani ya faranga milioni 700. Kabla hajaagiza hata gunia moja la sukari, ameshafaidika milioni 400. Kwa kanuni anatakiwa alete bidhaa na aiuze kwa bei nafuu. Lakini bidhaa yake ikifika sokoni inakuta bei imeshawekwa na wenzake waliotafuta dola mtaani, naye hana sababu ya kuuza chini yao.

Upande wa pili yupo anayeuza nje ya nchi. Kahawa ikimletea dola 100,000, sehemu anayolazimika kuipeleka benki inamrudia kwa faranga 3,000 kila dola, wakati vipuri na matairi ya lori lake amevinunua kwa bei ya 7,000. Hasara hiyo haishii kwake. Anaishusha chini, kwa mkulima wa Ngozi na Kayanza, kupitia bei anayomlipa kwa kilo ya kahawa mbivu. Kwa hiyo zile milioni 400 za mwenye kibali zina mwenyewe. Zimetoka mashambani. Ni kodi anayotozwa mzalishaji ili apewe mwenye kibali, na hakuna mbunge aliyewahi kuipigia kura.

Uhusiano wa mji huu na wakopeshaji ni wa zamani kuliko uhuru wenyewe. Mwaka 1957, mji ukiitwa Usumbura chini ya Wabelgiji, Benki ya Dunia ilikopesha dola milioni 4.8 kwa ajili ya bandari na barabara za Ruanda-Urundi. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962; miaka miwili baadaye sarafu ya pamoja na Rwanda ikavunjwa, na Januari 1965 faranga ya Burundi ikashushwa thamani kutoka 50 hadi 87.5 kwa dola. Kushusha thamani ya faranga, basi, hakukuanza jana.

Mwaka 1986, chini ya Kanali Jean-Baptiste Bagaza, Burundi iliingia katika mpango wa kurekebisha uchumi uliosimamiwa na IMF na Benki ya Dunia. Ndio mwaka ambao Tanzania, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ilikubaliana na IMF baada ya Mwalimu Nyerere kuyakataa masharti yao kwa miaka. Maagizo yalifanana kila mahali: sarafu ishushwe, biashara ilegezwe, mashirika ya umma yapunguzwe. Meja Pierre Buyoya, aliyempindua Bagaza Septemba 1987, aliendelea na mpango huohuo. Kisha tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa, na vita vikazika kila mpango wa uchumi uliokuwepo. Buyoya alipochukua tena madaraka Julai 1996, majirani waliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Vikwazo vile vilitufundisha jambo baya ambalo hatujalisahau: kwamba penye uhaba, mwenye ruhusa ya kupitisha mzigo anapata faida kuliko mwenye kiwanda.

Amani ilipoanza kurudi, baada ya Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 na uchaguzi wa 2005, wakopeshaji nao walirudi. Agosti 2005 Burundi iliingizwa katika mpango wa msamaha wa madeni wa nchi maskini, na Januari 2009 ikafika hatua ya mwisho: zaidi ya asilimia 90 ya mzigo wa deni la nje ikaondolewa. Naomba msomaji akumbuke jambo hili kila anaposikia kwamba umaskini wetu unatokana na madeni ya wazungu. Sehemu kubwa mno ya madeni yale ilifutwa. Tukapata nafasi ambayo mataifa machache hupata.

Nafasi ile haikupotea yote. Serikali ilikuwa imeshafuta ada ya shule za msingi mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikafanya bure matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano na huduma za kujifungua. Tarehe 1 Julai 2007 nchi ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kodi ya ongezeko la thamani ikaanza 2009. Ofisi ya Mapato, OBR, ikaundwa kwa msaada wa wafadhili, Uingereza ikiwa mstari wa mbele, na mkuu wake wa kwanza alikuwa mgeni, Kieran Holmes. Makusanyo yakapanda kwa kasi. Oktoba 2012, katika mkutano wa wafadhili mjini Geneva, zikaahidiwa zaidi ya dola bilioni 2.

Ikaja Aprili 2015. Rais Pierre Nkurunziza akagombea muhula wa tatu, mitaa ya Musaga, Nyakabiga na Cibitoke ikajaa waandamanaji, watu wakauawa, mamia ya maelfu wakakimbilia Tanzania, Rwanda, Kongo na Uganda. Misaada iliyokuwa ikibeba karibu nusu ya bajeti ikaanza kukatwa, na Machi 2016 Umoja wa Ulaya ukasimamisha fedha zake za moja kwa moja kwa serikali. Waliotoa uamuzi ule walitaka kuwabana viongozi. Aliyebanwa zaidi ni mgonjwa aliyekuta kabati la dawa tupu, na sijaona mfadhili aliyekaa chini na kulijibu hilo kikamilifu.

Lakini serikali nayo ilichagua namna ya kuziba pengo. Ilikopa kwa mabenki ya ndani na kwa Benki Kuu, BRB, ambayo hutengeneza faranga. Iliomba wananchi mchango wa uchaguzi wa 2020: hadi faranga 2,000 kwa kaya, na 1,000 kwa mwanafunzi aliyefikia umri wa kupiga kura. Faranga ziliongezeka, dola zikapungua. Kila mwenye macho alijua bei ya dola ingepanda, ila badala ya kuikubali, Benki Kuu iliifungia. Mwanzoni mwa 2020 vibali vya maduka ya kubadilisha fedha vilifutwa. Wavunjaji waliondoka madukani wakahamia kwenye simu, magarini na nyuma ya maduka ya nguo, na dola ya pili ikazidi kuikimbia ya kwanza.

Hapa pana jambo ambalo mazungumzo ya vijiweni hayaligusi. Tangu msamaha wa 2009, fedha nyingi za Benki ya Dunia kwa Burundi zimekuja kama msaada usiorudishwa, kwa sababu benki hiyo yenyewe inaona tukikopeshwa tunaweza kushindwa kulipa. Deni linalotuumiza leo halina makao Washington. Ni deni la serikali kwa benki zake za ndani, na mlipaji wake ni kila anayeshika faranga, kwa njia ya mfumuko wa bei. Mwaka 2023 wastani wa mfumuko huo ulikuwa karibu asilimia 27. Mama muuza ndagala wa Buyenzi ambaye hajawahi kukopa hata senti analilipa deni hilo kila asubuhi.

Évariste Ndayishimiye alipoapishwa Juni 2020, milango ya nje ilianza kufunguka. Julai mwaka huohuo IMF ilitoa nafuu ya deni ya dola milioni 7.6, Oktoba 2021 ikatoa mkopo wa dharura wa dola milioni 76.2. Marekani iliondoa vikwazo vyake Novemba 2021, Umoja wa Ulaya ukafuata Februari 2022. Vibali vya kubadilisha fedha vikaanza kutolewa tena mwishoni mwa 2022. Kisha ikaja miezi mitatu ambayo ilistahili kubadili historia ya faranga.

Mwanzoni mwa Mei 2023 Benki Kuu ilipandisha bei ya dola kutoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800. Tarehe 7 Juni ilitangaza kwamba noti za zamani za 5,000 na 10,000 zingekoma kutumika baada ya siku kumi, na watu wakajipanga kwenye benki wakiwa na mabunda, kuanzia matajiri wa mjini hadi wazee wa kilimani walioficha akiba ya ng'ombe aliyeuzwa. Tarehe 17 Julai bodi ya IMF ikaidhinisha mpango wa miezi 38 wenye thamani ya dola milioni 271, zikitolewa dola milioni 62.6 papo hapo. Ahadi kuu upande wetu ilikuwa moja: bei ya dola iachwe ifuate soko hadi pengo lizibike.

Pengo halikuzibika. Bei ya benki ilisimama karibu na 2,900 na kutambaa polepole, ya mtaani ikapaa. Mapitio ya kwanza ya mpango yalikwama, na fedha zilizobaki zikakwama nayo. Mwananchi alikuwa ameshalipa gharama ya kushushwa kwa faranga, kwa sababu wafanyabiashara walipandisha bei wiki ileile ya Mei, lakini faida iliyotarajiwa, ya dola kurudi benki na mafuta kurudi vituoni, hakuiona. Kwa maoni yangu huo ndio ukatili wa mageuzi yanayofanywa nusu. Anayeyafanya nusu huchukua maumivu yote na kuacha tiba.

Mafuta yanaonyesha jambo hili kuliko takwimu yoyote. Serikali inatangaza bei ya petroli, na bei hiyo haiwezekani bila dola ya benki. Dola ya benki ikikosekana, meli haiagizwi, na foleni ya magari inalala usiku kucha mbele ya kituo. Mwaka 2022 pikipiki, bajaji na teksi za baiskeli zilikuwa zimeshaondolewa katikati ya mji. Basi likikosa mafuta, mkazi wa Kinama anarudi nyumbani kwa miguu gizani. Serikali ikaunda kampuni ya mafuta, SOPEBU, kisha ikaleta mfumo wa simu wa kugawa zamu ya kununua. Mfumo wa kugawa hauongezi lita hata moja. Unapanga tu nani akose leo na nani akose kesho.

Nchi nyingine za ukanda wetu zimepita njia hii. Uganda mwaka 1990 iliyaruhusu kisheria maduka ya kubadilisha fedha, na katika miaka michache dola zake mbili zikawa moja. Wakulima wake wa kahawa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuona tofauti. Ethiopia iliiachia birr Julai 2024, kwa mpango wa IMF wa dola bilioni 3.4 wa miaka minne. Wapo wenzangu wanaosema Ethiopia ilibebwa na wingi wa fedha. Ukigawa kwa idadi ya watu, tofauti si kubwa hivyo: karibu dola 27 kwa Mwethiopia mmoja, karibu 20 kwa Mrundi. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye uamuzi. Addis Ababa ilivuka mto wote kwa mara moja, na bei zikawaumiza wananchi wake. Sisi tulisimama katikati ya maji.

Hata hivyo wakopeshaji wana lawama yao, na nitaitaja wazi. Burundi huagiza bidhaa za zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka, hivyo dola milioni 62.6 hazitoshi hata mwezi mmoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka kila mwanachama awe na akiba ya fedha za kigeni ya miezi minne na nusu. Sisi tulianza mageuzi tukiwa hatuna hata ya miezi miwili. Kumwambia gavana aiachie sarafu huku ghala lake likiwa tupu, kisha kumpa kiasi hicho, ni kumtaka awe jasiri kwa niaba yako.

Na kahawa inatukumbusha kwamba si kila agizo lao lilikuwa la busara. Kwa miongo mingi kahawa ilileta zaidi ya theluthi mbili ya fedha zetu za kigeni. Benki ya Dunia ilisukuma kwa miaka sekta hiyo iuzwe kwa watu binafsi, na mwaka 2009 vituo 117 vya kuoshea kahawa vikaingizwa sokoni. Awamu ya kwanza ilipata mnunuzi wa vituo 13 tu, kampuni ya Uswisi ya Webcor. Vyama vya wakulima vilipinga. Walisema, kwa haki kabisa, kwamba vituo vile vilijengwa na kuendelezwa kwa jasho lao, kwa makato ya miaka mingi kwenye kila kilo, na kwamba wao ndio walistahili kuwa wanunuzi wa kwanza. Hawakusikilizwa vya kutosha. Mwaka 2020 mkono wa serikali ukarudi kupitia shirika jipya, ODECA, na mkulima akajikuta amezungushwa: kutoka serikalini hadi kwa mgeni, kutoka kwa mgeni hadi serikalini. Katika mizunguko yote hiyo shamba halikuwahi kuulizwa. Ukiongeza na pengo la dola, utaelewa kwa nini mtu anang'oa mibuni na kupanda migomba, au anavusha kahawa usiku kwenda nchi jirani inayolipa vizuri zaidi.

Ipo mifano ya fedha za nje zilizofika zilikotakiwa. Mradi wa Merankabandi, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwishoni mwa 2016 kwa dola milioni 40, ulipeleka faranga 20,000 kwa mwezi kwa kaya maskini, zikipokelewa na akina mama wenyewe kwa simu. Zilinunua mbuzi, madaftari, mabati. Sioni mradi mwingine unaonishawishi zaidi kwamba maskini akipewa fedha mkononi anajua la kufanya. Ila faranga 20,000 za 2018 na za leo hazifanani kabisa. Mfumuko wa bei umekula msaada uleule uliokusudiwa kumkinga mtu dhidi yake.

Sasa linakuja jambo kubwa zaidi. Reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati imeanza kujengwa. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha Desemba 2023 karibu dola milioni 696 kwa nchi mbili hizo, sehemu ya Burundi, dola milioni 98.6, ikiwa msaada. Agosti 2025 Rais Ndayishimiye alizindua ujenzi huo Musongati. Naiunga mkono reli hii kwa moyo wote, maana nchi isiyo na bahari hulipa usafiri kabla ya kulipa kingine chochote. Lakini nikeli ya Musongati itakapoanza kusafirishwa italeta dola, na dola zile zikiingia katika mfumo huu wa bei mbili, zitafanya kile ambacho dola za kahawa na za misaada zimefanya: zitatajirisha mwenye kibali.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa IMF: mpango ujao uanze na akiba ya kutosha na nyongeza ya fedha za Merankabandi kabla bei haijaguswa, si baada ya watu kuumia. Kwa serikali: makubaliano yoyote yatakayosainiwa yatolewe kwa Kirundi na Kiswahili, yabandikwe kwenye ofisi za mitaa na yasomwe redioni, maana wanaoyalipia hawasomi Kifaransa cha wizarani. Na kwa Benki Kuu, ombi ambalo halihitaji mkopo wa mtu yeyote: hadi siku dola zitakapokuwa moja, kila mwisho wa mwezi itangaze jina la kila aliyeuziwa dola kwa bei ya benki, kiasi alichopewa na bidhaa aliyoagiza.